Usisubiri vifaa vya nje: neno kwa wanaotaka kupaka rangi visanamu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Manyoni alinitumia ujumbe baada ya kuona picha za kisanamu changu cha joka jekundu. Aliuliza mambo mawili: rangi nazipata wapi, na je, nyumbani hawanisemi? La rangi ni jepesi. Hilo la pili limenikaa moyoni, kwa hiyo naanza nalo.

Wananisema, tena sana. Nilikuja Dodoma na ofisi, kama wengi tuliohama baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa makao makuu ni Dodoma kweli. Familia ilibaki Dar kwanza, mtoto amalize shule. Aliyepitia hali hiyo anazijua jioni za chumba cha kupanga mtaani Kisasa: umekula, umepiga simu nyumbani, na saa mbili usiku haijafika. Wenzangu walikwenda baa. Mimi nilikuwa na boksi la visanamu vya plastiki ambalo binamu yangu aliniletea aliporudi kutoka masomoni Uingereza. Mashujaa wenye mapanga, wachawi, mazimwi, na joka moja lenye mabawa yaliyokunjuka.

Kwa asiyejua, hivi ni visanamu vya michezo ya mezani ya hadithi za kubuni. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, Warhammer ikatoka Uingereza mwaka 1983, na mpaka leo watu hukaa mezani na kete, kila mmoja akimsogeza shujaa wake. Kisanamu cha mtu mara nyingi kina milimita 28 hadi 32 tu. Vingi huja vikiwa vitupu, rangi moja ya kijivu. Uhai wake unautia wewe.

Sasa, kwenye kikao kimoja cha ukoo, mzee mmoja ninayemheshimu alisema mbele ya watu wote: "Wenzako wananunua viwanja Nzuguni, wewe unanunua midoli." Watu wakacheka. Mke wangu akainamisha kichwa. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Kiwanja nilishanunua, na visanamu naendelea kupaka. Mtu anaweza kukesha na ligi za Ulaya kila wiki, hela ikaishia kwenye mikeka ya kubeti, na hakuna anayemwitia kikao. Lakini ukikaa kimya nyumbani kwako na brashi, umekuwa mtoto. Ndugu yangu, watakusema tu. Wewe paka.

Tuje kwenye rangi. Wengi mnaoniandikia mnasubiri: mpaka agizo lifike, mpaka mtu aje na ndege, mpaka mshahara upande. Acheni kusubiri. Rangi za akriliki za tyubu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule zinatosha kuanzia. Brashi nyembamba kabisa nimezipata kwenye maduka ya vipodozi, zile za kuchorea kucha. Msasa laini na wembe wa kuondolea mabaki ya plastiki kwenye maungio vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kinachobaki ni maji.

Maji ndiyo siri yote. Rangi ikitoka kwenye tyubu ni nzito mno. Ukiipaka hivyo inafukia macho, vidole, mikunjo ya nguo, kila kitu ambacho mchongaji alikihangaikia. Izimue mpaka iwe kama maziwa, upake mkono wa kwanza, uache ukauke, upake wa pili. Mikono miwili myepesi inashinda mmoja mzito, kila siku. Na hapa kwetu ukavu ni mkali, hasa kuanzia Juni mpaka Oktoba. Rangi inakaukia kwenye brashi kabla hujafika kwenye kisanamu. Chukua kopo la aiskrimu lenye mfuniko, weka chini sponji ya kuoshea vyombo iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi zako ziweke juu ya karatasi hiyo. Unyevu unapanda taratibu na rangi inabaki hai usiku kucha. Mwenye rangi za bei mbaya akikosa kopo hili, wewe wa tyubu za shule utampita.

Rangi ya kwanza ya kushikia, yaani praima ya kupuliza, ipulize alfajiri kabla upepo haujaamka. Upepo wa mchana wa Dodoma unaikausha hewani, inafika kwenye plastiki ikiwa chembechembe, na vumbi jekundu linaijazia palipobaki.

Baada ya hapo ni kivuli na mwanga. Kivuli ni rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, na tone la sabuni ya maji ili itiririke yenyewe kwenye mikunjo. Mwanga ni brashi uliyoifuta kwenye kitambaa mpaka karibu ikauke, kisha unaipitisha juu juu kwenye kingo.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni ngozi. Maelekezo mengi utakayoyaona yanafundisha kupaka nyuso za Wazungu, na shujaa mweusi anakuwa wa kubahatisha. Mimi mashujaa wangu ni weusi, wote. Anza na kahawia iliyoiva, uitie nyekundu kidogo. Kivuli chini ya taya na pembeni mwa pua kitie bluu kidogo, usitumie nyeusi tupu. Kisha mwanga: paji la uso, mgongo wa pua, mifupa ya mashavu, mdomo wa chini. Kwenye mwanga huo usitie nyeupe hata kidogo. Nyeupe inapausha, uso unakuwa kama wa mtu aliyetoka kuoga bila mafuta. Tia chungwa, au manjano ya udongo. Siku nilipomaliza uso wa kwanza kwa njia hiyo niliuona una jasho, una joto, ni mtu ninayeweza kupishana naye Majengo sokoni. Nilikaa nao mkononi muda mrefu, na sikumpigia mtu simu, kwa sababu ningemwambia nini?

Wekundu wa lile joka mnaouuliza niliutoa Kolo, kule Kondoa. Nendeni mkaione michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wembamba, warefu, wanyama, vingi kwa wekundu wa udongo, juu ya mwamba ambao mvua haiufikii. Waliochora hawakusubiri agizo lolote, rangi waliitoa palepale walipokanyaga. Basi na wewe unayelalamikia vifaa, tazama chini.

Hata kitako cha kisanamu nakitengeneza hivyo. Udongo wetu mwekundu nauchekecha kwa kipande cha soksi nyembamba za kike, napaka gundi nyeupe ya mbao kwenye kitako, nanyunyiza, nasubiri, nakung'uta. Vijiti vikavu vya mgunga vinakuwa magogo, na kokoto ndogo inakuwa jabali. Ukishamaliza, funika kazi yako na vanishi ya akriliki isiyong'aa. Ile ya mbao, ya mafuta, usiiguse, kwa kuwa inageuka njano na ngozi uliyoihangaikia inaharibika. Wakati inakauka, ifunike kwa bakuli lililopinduliwa, vumbi lisiingie.