Mizani sita au nane?

SWALI: Kipande "Nchi yangu si ya mtu" nahesabu mizani (silabi) 6, mwalimu anasema 8. Na nikiandika ubeti kwa lugha ya nathari (maelezo ya kawaida, si ushairi), naambiwa nimenakili. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Kidato cha Tatu)

JIBU: Mwalimu yuko sahihi. Umeziruka N ya "nchi" na M ya "mtu", kwa kuwa hazina irabu. Hutamkwa peke yake, hivyo kila moja ni mizani: n-chi-ya-ngu-si-ya-m-tu. "Mbwa" nalo ni 2, m-bwa. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, kwa sababu M hapo imeungana na B. Tamka kwa sauti, usihesabu herufi.

Nathari ina kazi zaidi. Chukua "Yangu nyumba meingiwa". Mshairi amegeuza mpangilio (kuboronga sarufi), na amekata "i" ya "imeingiwa" (inkisari) ili apate 8. Wewe rudisha vyote: "Nyumba yangu imeingiwa." Andika aya mfululizo, bila mishororo (mistari ya shairi) wala vina (silabi za mwisho zinazofanana). Kibwagizo kikirudiwa, kitaje mara moja. Na usianze kufafanua mafumbo. Hilo huwa swali jingine, lenye alama zake.