Kabla hujasema faili limeharibika

Wadogo zangu, nawapenda, ila atakayeniambia tena "faili limeharibika" bila kutazama hata baiti nane za mwanzo, tutakosana.

1. Anza na `xxd faili | head`: huonyesha baiti za faili kwa heksa, yaani namba za msingi wa 16. Jina la faili hudanganya, baiti za mwanzo mara chache sana. Ukiona 50 4b 03 04, hiyo ni ZIP. Na .docx halali ni ZIP, kwa hiyo usipige kelele.

2. Ukitumia `hexdump`, amri nyingine ya kazi hiyohiyo, weka `-C`. Hapa tukae kidogo. Usipoiweka, baiti huunganishwa mbilimbili na kusomwa kama namba ya biti 16, kwa mpangilio wa prosesa yako. Kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) baiti ndogo hutangulia, basi PNG nzima isiyo na kasoro, inayoanza 89 50 4e 47, utaiona 5089 474e. Kijana wetu mmoja akaona hiyo 5089, akalinganisha na maelezo ya PNG, akashangilia. Akaandika skripti safi, yenye majaribio na kila kitu, ya kupindua kila jozi. Akaipitisha kwenye folda nzima. Akarudi kwa `hexdump` ileile: 8950 4e47, raha tupu! Picha zikagoma kufunguka, zote. Nasi wakubwa zake tukakaa tunailaumu maktaba ya picha (msimbo unaofungua picha), hadi mmoja alipoandika `xxd`.

Ukipindua mara mbili unarudi ulikotoka, kwa hiyo skripti ileile ndiyo iliyotibu. Isipokuwa mafaili yenye idadi witiri ya baiti: hayo ilikuwa imeyakata mkia. Pona yetu ni kwamba PNG humalizikia ae 42 60 82, tukairudisha 82 kwa `printf '\x82' >>`. Nakala ya akiba? Msiniulize.

3. Nyota iliyokaa peke yake kwenye mstari si data: mistari inayofanana imefichwa. `-v` ya `hexdump` huifichua.

4. `xxd -r`, inayogeuza matokeo ya `xxd` kuwa faili tena, husoma safu ya heksa tu. Kuna mtu alihariri maandishi ya upande wa kulia, akahifadhi, akahariri tena, akaanza kuishuku diski. Diski ya watu haina kosa.

5. `od`, amri nyingine ya kutazama baiti, huhesabu kwa oktali (msingi wa 8), ofseti (nafasi ya baiti ndani ya faili) na data pia. Ndiyo, oktali, hadi leo. Andika `od -A x -t x1` uendelee na kazi.