Shemeji, Sasa Ni Ngapi?

Swali lenu la wiki hii, "Mkristo mwenye sonona aanze kwa mchungaji au kwa mwanasaikolojia?", nimelisoma nikiwa kwenye foleni kwa wakala hapa Mwanga, mjini Kigoma, nikakasirika kabla sijahudumiwa. Mnauliza kana kwamba hao lazima wawe watu wawili. Kigoma tulikuwa na mmoja, mwanasaikolojia Jumatatu hadi Ijumaa, mzee wa kanisa Jumapili. Ni mume wa dada yangu, tumemaliza matanga yake juzi. Kwa hiyo nitamjibu yeye kuliko swali, mhariri atanisamehe.

Wengi walimfahamu mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini mafungu kwa mafungu. Walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Yeye alikuwa pale na watoto na penseli za rangi. Msibani hilo lilisemwa sana. Mimi nina la kwangu, la nyuma ya hapo.

Juni 2011 mdogo wangu aliingia ziwani usiku kuvua dagaa. Upepo wa kusini wa miezi hiyo mnaujua. Mtumbwi ulionekana asubuhi, yeye alionekana siku ya tatu. Mtumbwi ule nilimnunulia mimi. Tangu hapo nikawa siwezi kuliona ziwa, na Kigoma ukigeuza shingo tu, ziwa lile pale. Nilikuwa mfanyabiashara wa dagaa, basi biashara ikafa. Nikawa nazunguka kwa njia za Gungu ili nisione maji.

Kiongozi mmoja wa maombi akaniambia nina roho ya hofu, nifunge siku tatu. Nilifunga. Siku ya nne nilikuwa na hofu ileile, na njaa juu yake.

Ndipo shemeji akaja jioni. Akasema kwa taratibu za kazi yao haruhusiwi kunihudumia kwa kuwa mimi ni ndugu, na kwamba kuna mwenzake Dodoma angeweza kunipokea. Niliposikia Dodoma nikajua ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, nikakataa katakata. Hakubishana. "Haya, basi hii si huduma. Twende tutembee."

Tukashuka barabara ya Kibirizi mpaka kwenye mwembe ambapo maji yanaanza kuonekana. Akatoa mfukoni bahasha ya zaka, tupu, na kalamu. Kutoka 0 hadi 10, hofu ni ngapi? Nikasema 9. Akaandika 9. Hakunisomea andiko, hakunishika bega. Alikula karanga zake, akipuliza maganda kiganjani. Baada ya muda: "Shemeji, sasa ni ngapi?" Tisa. Akaandika tena 9, kama karani wa ghala anayepokea magunia. Giza lilikuwa bado kidogo nilipofika 6, ndipo akasema turudi.

Siku nyingine alinieleza: ukikimbia hofu ikiwa bado 9, mwili unaamini kukimbia ndiko kulikokuponya, na kesho utakimbia mapema zaidi. Ukikaa mpaka ishuke yenyewe, mwili unajifunza jambo jingine. Kesho yake mwembe uleule tulianzia 7. Wiki iliyofuata tukafika kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Akina mama wakamcheka kwa viatu vyake vya Jumapili mchangani. Akanisogezea beseni la dagaa nichambue. Mikono ilitetemeka, magamba yakaniganda vidoleni, namba ikarudi 8. Akaiandika bila kukunja uso.

Mwisho tukaingia majini, vifundoni tu. Suruali aliikunja, mguu mmoja ukawa unateremka kila saa na kulowa. Hapo ndipo alipoomba kwa mara ya kwanza. Alimtaja mdogo wangu kwa jina, kisha akaomba bei ya dagaa ipande. Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Lakini kuna la kusema, na marehemu ataniwia radhi. Kila jioni saa kumi na mbili aliangalia saa akaondoka. Watoto walikuwa na kazi za shule, na chakula cha usiku walikula pamoja, simu imezimwa na kuwekwa kabatini juu ya sahani. Siku moja ndiyo kwanza nafungua kinywa nieleze habari ya kununua mtumbwi, akainuka. "Tutaendelea kesho." Usiku huo nilimpigia, haikupatikana. Nilimnunia muda mrefu sana.

Msibani binti yake wa mwisho alisimama akasema baba hakuwahi kukosa ugali wa usiku nao, isipokuwa zile wiki za Kagunga. Watu wakalia. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya jioni ile. Mezani alikuwepo pia dada yangu, ambaye aliyezama alikuwa ndugu yake vilevile, na kwa miezi ile sikuwahi kumuuliza yake ni ngapi.

Nilianza barua hii nikitaka kuandika: nendeni kwa mwanasaikolojia, mchungaji abaki na mimbari yake. Sasa siwezi. Nilipewa mtaalamu nikamkataa kwa sababu ya jina la mji. Niliyemfuata ni mtu mwenye bahasha ya zaka mfukoni. Wachungaji wako kila mtaa, na wengine hupokea simu saa saba usiku, wakati wanasaikolojia huku kwetu utawahesabu kwa vidole. Basi anzeni kwa mchungaji, ila awe yule anayeweza kusema "hili limenizidi" na akakusindikiza kwingine. Akikwambia uache dawa za hospitali, ondoka. Dawa zenyewe, kwa njia, huandikwa na daktari, hasa wa magonjwa ya akili. Shemeji alichoka kuombwa vidonge ambavyo si kazi yake kutoa.

Bahasha ninayo. Namba ya mwisho ni 3, mwandiko wake. Hiyo ni ya mchana. Usiku ziwani bado siendi.

Na kama mchungaji wa karibu nawe ni wa aina ya yule aliyenifungisha siku tatu, pitiliza mlango wake uende Dodoma.