Pawa saplai ya bei ya chini: pa kubana fedha na pasipobanwa

Swali: Nina steshenari Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni. Kompyuta ya kuchapia imeungua pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa umeme. Dukani nimeonyeshwa mbili, zote zimeandikwa wati 500, lakini moja ni theluthi ya bei ya mwenzake. Nikichukua ya bei ya chini, chenji inanitosha kununua SSD, ile diski ya kasi. Je, nitakuwa nimekosea?

Jibu: Ndugu yangu, SSD itakufaa sana, ila fedha yake isitoke kwenye pawa saplai. Kipuri cha bei ya chini kipime kwa kile kitakachoharibika pamoja nacho: kipanya kikifa hufa peke yake, ilhali pawa saplai mbovu inaweza kupitisha volti kupita kiasi ikaondoka na mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), diski na kazi za wateja zilizomo.

Rudi dukani, soma kibandiko cha ile ya bei ya chini kwenye safu ya +12V, yaani njia ya volti 12, kwa kuwa kompyuta za siku hizi huchukua sehemu kubwa ya umeme wake hapo. Ukikuta ampea 16, zidisha kwa 12: ni wati 192, wala si 500. Ni kweli kwamba kompyuta ya kuchapia isiyo na kadi ya michoro kwa kawaida haifikishi hata wati 100, kwa hiyo utauliza ubaya uko wapi. Kwa uzoefu wangu, aliyeongeza namba kwenye kibandiko ndiye huyo huyo aliyepunguza vipuri vya ndani. Mulika tochi ya simu kwenye matundu; mara nyingi, upande unapoingilia umeme, utaona nafasi tupu ambazo zilikusudiwa vichujio na kinga, na hizo ndizo zinazohitajika umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Usitulizwe na nembo ya 80 PLUS, kwani hiyo hupima ufanisi, si ulinzi. (Yoyote utakayonunua, isafishe kila wadudu wa ziwani wanapopita, hufuata taa za duka na kuvutwa na feni.)

Kwenye SSD, GB 256 zinakutosha. Ikague kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski: iliyouzwa kama mpya ikionyesha saa elfu kadhaa za kuwashwa, irudishe siku hiyo hiyo. Ikiwa ni ya jina usilolijua, ijaze kwa H2testw, programu inayoandika hadi diski ijae kisha kuisoma upya, na uwezo wa uongo utajitokeza.

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyotumika haina neno, mradi ipite MemTest86, programu ya kuipima, usiku kucha. Kasha na kibodi, chukua vya bei yoyote.

Fedha isipotosha vyote viwili, nunua sasa pawa saplai nzuri, endelea na diski ya zamani huku ukinakili kazi za wateja kwenye diski ya nje kila jioni, na SSD ifuate mwezi ujao. Kabla ya kulipa, muuzaji aandike kwenye risiti namba ya kifaa na muda wa waranti. Akikataa, nenda duka la jirani.