Barua kwa mwanangu: miaka 91 ya babu yako ndani ya dakika 10

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kikao cha ukoo kimekukabidhi kuandika wasifu wa babu yako, utakaosomwa siku ya kumbukumbu yake, na kwamba umepewa dakika 10 tu. Unauliza miaka 91 itaingiaje humo bila kumpunja mzee. Nimeona heri nikujibu kwa barua, maana jambo lenyewe lina mengi ndani yake, na yeye anastahili lifanywe vizuri.

Jihadhari kwanza na kosa linaloharibu maandishi mengi ya namna hii. Anayeandika huwa ni mtu aliyemwona mzee katika miaka yake ya mwisho, kwa hiyo kalamu hukimbilia huko: alianza kuumwa lini, alilazwa wapi, akahamishiwa wapi. Unakuta miezi mitano ya maradhi imekula nusu ukurasa, na miaka 40 ya kazi imepewa sentensi mbili. Babu yako aliishi. Kuugua kulikuwa sehemu ndogo mno ya kuishi kwake. Sentensi moja juu ya ugonjwa inatosha, na hata hiyo muulize kwanza bibi yako angependa isemwe vipi.

Halafu pima nafasi uliyonayo. Mtu akisoma kwa utulivu mbele ya watu, kwa urefu wa maneno yetu ya Kiswahili, humaliza takriban maneno 100 kwa dakika. Usivuke 900, ili watu wapate nafasi ya kucheka au kufuta machozi. Jipime mwenyewe kwa kusoma ukurasa mmoja kwa sauti huku saa ikiwa mbele yako. Ukisoma kimoyomoyo utadanganyika, kwa kuwa macho huenda mbio kuliko mdomo. Katika maneno hayo 900, toa 100 kwa wazazi wake na kuzaliwa kwake, 100 kwa utoto na shule, 150 kwa majina ya familia, na 100 kwa uzee na shukrani. Yanayobaki, 450, ni ya umri wake tangu kijana wa miaka 20 hadi alipostaafu. Huko ndiko alikotuzalia, akajenga, akafanya kazi na kubeba mizigo ya watu.

Tabu ni kwamba miaka hiyo ya katikati ndiyo yenye mashahidi wachache. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wameona mara kwa mara kwamba wazee hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wao wa miaka 10 hadi 30 hivi. Kwa hiyo babu yako mdogo atakumwagia habari za utotoni hadi ushindwe kuziandika. Ninyi wajukuu mnamjua mzee aliyekwisha kupumzika. Sisi watoto wake tulimjua kama baba, lakini kazini alikuwa mtu wa namna gani hatukumwona. Watafute waliofanya kazi naye na waliokuwa majirani zake alipokuwa na miaka 35 au 45. Anza na hao kabla ya ndugu, kwa sababu nao ni wazee, na ndugu utawapata wakati wowote.

Zungumza na mtu mmoja mmoja. Ukiwakusanya watano sebuleni, mwenye sauti kubwa au aliyewazidi umri ataweka toleo lake, na wengine wataitikia tu. Dakika 45 zinamtosha mzee. Ni afadhali urudi siku nyingine, tena mara ya pili hukumbuka ambayo hakuyasema ya kwanza. Simu yako iweke kwenye hali ya ndegeni, maana ikiita katikati, kurekodi kunaweza kukatika usijue. Ilaze juu ya kitambaa, karibu na msemaji, isikae juu ya meza tupu, kwa kuwa kila kikombe kinachowekwa mezani husikika kama kishindo. Rekodi dakika moja ya majaribio uisikilize ndipo uendelee.

Ukiuliza, "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa, "Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mchapakazi." Hayo yanamfaa mzee yeyote. Uliza alianzaje siku yake. Uliza alipokosa pesa alifanya nini, nani alimwendea kwa shida ya usiku, kitu gani kilimkasirisha upesi. Mpe mtu picha ya zamani au kifaa cha babu akishike mkononi, kisha nyamaza. Wengi wetu tunakata ukimya haraka mno, na jibu zuri lilikuwa njiani.

Nikuoneshe ninachotaka. Lile kopo lake la misumari unalijua. Misumari iliyopinda aliing'oa kwenye mbao kuukuu, akailaza juu ya jiwe bapa, akaigonga pole pole kwa nyundo huku akiizungusha kwa vidole hadi inyooke, kisha akaipanga kwa urefu: mifupi kopo moja, mirefu kopo jingine. Jirani akija kuomba msumari, aliulizwa kwanza unashika ubao wa unene gani. Andika hivyo hivyo, na usiongeze baada yake kwamba alikuwa mwangalifu na asiyependa kupoteza. Wasikilizaji wamekwisha kuelewa, na kila mmoja atakumbuka la kwake. Mambo matatu au manne ya aina hii yanatosha. Yakizidi, yanaanza kufukuzana.

Tarehe zitakusumbua. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari 1, 1934. Tarehe hiyo utaikuta kwenye karatasi za wazee wengi sana, kwa sababu pale mwaka ulipojulikana na siku isijulikane, waandikaji waliweka siku ya kwanza ya mwaka. Wapo pia waliopunguza umri ili wapate shule, na walioongeza ili wapate kazi. Tafuta karatasi iliyoandikwa mapema zaidi, karibu na tukio lenyewe. Karatasi tano za baadaye zinazokubaliana zisikutishe, huenda zote zimenakili kosa moja. Linganisha na ndugu zake: nani alimfuata nani, na walipishana miaka mingapi. Tumia pia matukio ambayo dunia nzima iliyasikia. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha 1945, alikuwa amekwisha kuanza shule? Mtu alipokanyaga mwezi Julai 1969, mtoto gani alikuwa bado anabebwa mgongoni? Hesabu ikikupa mtu aliyeajiriwa akiwa na miaka tisa, kuna mwaka uliokosewa. Isipopatikana siku, andika "mwaka 1934" basi, hakuna atakayekulaumu. Watakulaumu ukitaja siku ambayo dada yake anajua si yenyewe.

Majina ndiyo mahali pa hatari kuliko pote. Sentensi mbovu itasahauliwa kesho, lakini mtoto aliyerukwa hatasahau, wala watoto wake. Andika wote kwa kufuata kuzaliwa: waliotangulia mbele ya haki, waliozaliwa nje ya nyumba hii, waliolelewa naye bila kuwa wa damu yake. Kisha hesabu majina na ulinganishe na idadi uliyoitaja. Mara nyingi mwandishi husema "watoto wanane" akaorodhesha saba. Wajukuu na vitukuu taja idadi pekee, la sivyo dakika zako zote zitaishia hapo.

Usimfanye malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na waliofanya kazi naye wanazijua. Ukisema hakuwahi kukasirika, hata yale ya kweli yatatiliwa shaka. Sema hasira zake na jinsi alivyozishusha, kwa kuwa alijua kumrudia mtu na kumwomba radhi, hata mtoto. Ila ugomvi wa mali, madeni na mambo ya ndoa yaache kabisa. Kipimo changu ni hiki: je, linasemeka bibi yako akiwa amekaa mstari wa mbele?

Ukimaliza, chapa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16, mistari iachane, upande mmoja wa karatasi, kurasa zina namba. Sentensi isikatike mwisho wa ukurasa, kwa kuwa msomaji hupotea pale anapofunua. Chapa nakala mbili na uandae msomaji wa pili aliyekwisha kuusoma wote kwa sauti. Sauti ya wa kwanza ikikwama, wa pili aendelee pale pale bila kutafuta mstari.

Picha zilizoshikamana na kurasa za albamu usizibandue, zitachanika. Zipige hapo hapo kwa mwanga wa dirishani, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Zile zilizo huru piga na nyuma yake pia, maana mara nyingi mwaka umeandikwa huko. Ukitaka kuongeza majina nyuma ya picha, tumia penseli laini. Kalamu ya wino huchora alama hadi upande wa sura. Rekodi zote za sauti zipe jina la msemaji na tarehe, uzihifadhi mahali patatu tofauti. Maneno 900 ni ya siku hiyo moja. Hayo mengine yote uliyoyakata ni ya ukoo.

Usianze kuandika kabla hujanitumia orodha ya majina. Nitaipeleka kwa babu yako mdogo na kwa shangazi yako mkubwa, kila mmoja peke yake, na nitakurudishia ikiwa na masahihisho yao.

Baba yako