Polisi wamemuulizia kijana wangu wa dukani

SWALI: Anti shikamoo. Kijana wangu wa dukani hapa Kariakoo ana ugomvi wa kifamilia, juzi askari wakaja kumuulizia, sasa dada wa kaunta katupia picha ya kitambulisho chake kwenye grupu la WhatsApp. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha ifutwe leo leo, namba yake ya NIDA inatembea huko na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, we mwajiri inakuhusu kabisa. Askari akirudi mpeleke stoo siyo kaunta, muulize jina na kituo, akitaka faili mwombe barua, umpe kinachohusu kesi tu. Wateja waambie hayupo basi, kuhojiwa siyo kuhukumiwa jamani! Na kijana umwambie mwenyewe ulichotoa, asije kusikia kwa muuza chipsi.