Kabla ya mafuta kulikuwa na lulu
Umeuliza Waemirati, watu wa Falme za Kiarabu, waliishi kwa kutegemea nini kabla ya mafuta. Lulu, ndugu yangu, pamoja na samaki na tende. Kuanzia Juni hadi Septemba majahazi ya Dubai na Abu Dhabi yalikuwa baharini. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, jiwe mguuni limzamishe haraka, akajaza chaza, kombe wenye lulu ndani, kwenye kikapu cha shingoni. Mwenzake juu akingoja kamba itikiswe amvute. Wengi waliishia kwenye madeni ya nahodha, kwa hiyo tusiipambe sana kazi hiyo. Miaka ya 1930 lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi duniani viliiua biashara. Abu Dhabi ilianza kuuza mafuta nje 1962. Na boriti nyingi za paa kwenye nyumba zao za zamani ni mikoko ya kwetu, Lamu na Rufiji.